Manjano Juu ya Nyeusi

"Mjane havai manjano!" Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya pikipiki, akikinyooshea kidole kizibao cha manjano mkononi mwa Nyamizi. "Arobaini ya mwanangu haijaisha, wewe umeshaanza kumeremeta. Watu watasema nini?"

"Watasema wameniona, mama," Nyamizi alijibu. "Yeye alitoka na koti jeusi kwenye ukungu kama huu, na dereva wa lori akaapa hakumwona."

"Usimtaje!"

"Namtaja. Wanawe wamebaki na mimi tu."

Mama mkwe hakusogea. Nyamizi akakivaa kile kizibao cha reflekta juu ya gauni jeusi, akafunga zipu, akawasha pikipiki na kumzunguka. Ukungu ulimeza magurudumu, ukameza gauni, lakini yale manjano mama mkwe aliendelea kuyaona mpaka yalipokata kona.