Jina la Mgongoni

Wiki iliyopita mashabiki walimbembeleza fundi Bi Zuwena awashonee jina la Kibwana mgongoni mwa jezi zao. Leo wamerudi wamevimba kwa hasira. Timu ya mji imefungwa fainali, na penalti ya mwisho aliyeikosa ni huyohuyo Kibwana.

"Fumua!" Makame wa buchani alifoka. "Sitaki hata kuliona!"

Bi Zuwena alipitisha wembe chini ya uzi, herufi baada ya herufi. Makame aliinyakua jezi, akaikunjua, akanuna. Uzi ulikuwa umetoka wote, lakini matundu ya sindano yalisomeka vilevile: KIBWANA.

Ghafla kelele zikakatika. Kibwana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya foleni. Hakuna aliyempisha. Akajipenyeza hadi kwenye cherehani, akavua jezi yake na kuiweka mezani.

"Na yangu, mama. Fumua."

Bi Zuwena aliutazama wembe, akawatazama wale watu. Akauweka chini, akatunga uzi kwenye sindano.

"Herufi ya mwisho imelegea, mwanangu," alisema, akaanza kukanyaga cherehani.

Makame, jezi yake yenye matundu mkononi, hakuondoka.