Chini ya Ulimi

"Inua ulimi. Juu zaidi. Sasa upande huu."

Mama mkwe alikuwa ameshika simu yenye tochi, anachungulia kinywani mwa Fundi, mke wa mwanawe, kama mtu aliyedondosha pete kisimani. Hakuona kitu. Hakuamini pia.

"Hebu meza mate nione."

Fundi akameza. Kila jioni baada ya chakula mumewe, Kinyozi, alimwekea kidonge kiganjani na glasi ya maji mezani, naye alimeza. Angeapa kwa chochote walichotaka. Tatizo ni kwamba wiki hiyo alikuwa ameteremsha mapazia ya nyumba nzima akayashona magauni, na mtu aliyevaa pazia, hata akisema jua linawaka, watu hutoka nje kuhakikisha.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, baipola. Mama daktari aliwaeleza tangu mwanzo: si jini, si jicho la mtu, ni ubongo ambao furaha yake haina breki na huzuni yake haina sakafu. "Dawa ni ya kila siku. Ukijisikia vizuri, meza. Ukijisikia vizuri mno, ndiyo umeze mbio."

Mtaani, lakini, watu walikumbuka ile furaha tu. Kuna mwaka Fundi alimshonea mbuzi wa jirani koti la kola na vifungo vya kung'aa. Mbuzi akalivaa mpaka likachakaa, na inasemekana tangu hapo hakukubali tena kufungwa kamba pamoja na mbuzi wa kawaida. Kinyozi alimsimulia kisa hicho kila aliyekaa kwenye kiti chake, akicheka mpaka mteja anashika masikio kwa kuogopa wembe. Yaliyofuata hakuyasimulia: mke kajifunika shuka gubigubi, haogi, hali, anauomba ukuta msamaha.

Dawa ilipomkolea, Fundi alitulia. Alilala, akaamka, akashona sare za shule. Kiu ilimwandama na vidole vilitetemeka, hata kutunga uzi kwenye sindano ikabidi afanyiwe na binti yake. Lakini binti alikuwa na mama.

"Huimbi siku hizi," Kinyozi alimwambia mara moja.

"Niimbe nini, na kazi zote hizi?"

Kisha, hivi hivi tu, vidole vikaacha kutetemeka. Kiu ikaisha. Fundi akashukuru: mwili umeizoea dawa. Akarudi kutunga uzi mwenyewe. Akaanza kuimba kidogo, halafu si kidogo. Kinyozi akawa anafunga kibanda chake cha kunyolea mapema, awahi nyumbani. Yakaja mapazia, zikaja tochi za mama mkwe, na juu ya yote ikaja siku ya soko.

Alikwenda na binti kununua vifungo. Alirudi na marobota ya vitambaa, wapagazi nyuma yake kama msafara wa malkia, anaimba kwa sauti ya juu. Binti hakuwemo. Alipatikana jua likizama, chini ya meza ya muuza vitunguu, amelia mpaka sauti imekauka.

Hospitalini wakampima damu.

"Humu hamna dawa," mama daktari alisema taratibu. "Si kwamba ni kidogo. Haimo kabisa."

Mama mkwe akapiga viganja vyake kofi moja. "Si nilisema? Huyu ana mfuko chini ya ulimi!"

"Nameza, mama. Muulize mwanao, ndiye anayenipa."

Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake. Wauguzi walimwonea huruma. Mume kama yule, walinong'ona, wanawake wangapi wanaye?

"Mjukuu wangu nakaa naye mimi," mama mkwe akasema. "Siku utakayosema ukweli ndiyo siku nitakayomleta."

Wodini alimezeshwa na wauguzi. Kiu ikarudi, vidole vikaanza tena, na kichwa kikashuka polepole mpaka kikafika mahali penye aibu. Hapo Fundi akaanza kujihoji. Labda alivitupa kweli. Kichwa kilichomsahau mtoto chini ya meza ya vitunguu, kitashindwa kusahau kidonge? Alijitafuta humo ndani, hakujiona akitupa kitu. Akamwona binti tu.

Siku ya kutazama wagonjwa mama mkwe alikuja na mwanawe, amejifunga kibwebwe cha ugomvi. Fundi hakumngoja aanze.

"Mama, ni kweli. Nilikuwa navitupa."

"Wapi?"

"Chooni."

"Na mimi namulika weee!"

"Nilikuwa nakuzidi ujanja, mama. Nisamehe."

Bibi wa watu, aliyejiandaa kwa vita, akakosa pa kupigia. Machozi yakamtoka. "Basi, mwanangu. Basi. Yamekwisha. Kesho namleta." Akatoka kumtafuta mama daktari ampe habari njema.

Wakabaki wawili.

"Na wewe nisamehe, mume wangu," Fundi alisema. "Nimekuhangaisha bure miezi yote hii."

Kinyozi aliishika mikono yake yote miwili, ikatetemeka ndani ya mikono yake.

"Hukutupa hata kimoja," alisema. "Nilivibadilisha mimi. Ulikuwa unameza vitamini."

Koridoni kilipita kitoroli cha chakula, kikapita tena kikirudi.

"Kwa nini?"

"Ulikuwepo pale kila siku," Kinyozi alisema. "Unashona, unapakua chakula, unalala ubavuni kwangu, wala huimbi. Nikakukumbuka."