Jiwe Jeupe la Foleni

Zamani, wanyama walipokuwa wakitibiana wenyewe, Kanga alikuwa tabibu wa zahanati ya wote. Kila mnyama alichangia dawa, na aliyewahi alfajiri aliweka jiwe kwenye foleni kushika nafasi, akaenda zake kutafuta riziki.

Tausi akapita akitikisa mkia. "Shangazi Kanga, mimi nipange mawe? Nina daktari wangu binafsi, Korongo. Kwake hakuna foleni!" Akalipiga teke jiwe la mbele, jeupe, likatumbukia mtaroni.

Kanga alijua jiwe lile ni la nani, lakini akaendelea kuchambua dawa zake.

Mchana mwiba ukamchoma Tausi mguuni. Akachechemea hadi kwa Korongo, akakuta mlango umefungwa. Aliporudi zahanati, alimkuta Korongo mwenyewe akikohoa huku akizungukazunguka kwenye foleni.

"Kinyozi hajinyoi, Shangazi. Jiwe langu jeupe liko wapi?"

Tausi akanywea. Kanga akasimamisha kishungi chake.

"Hapa hatumfukuzi mgonjwa, Tausi. Kalitoe mtaroni jiwe la daktari wako, ulirudishe mahali pake. Kisha tafuta lako, uliweke nyuma ya yote."