Hodi ya Mazoezi

Mwalimu wa vijana wa kanisa alitoka nje, akafunga mlango, akabisha hodi. Leo alijifanya mhubiri wa dini nyingine anayepita nyumba kwa nyumba, ili vijana wake wajifunze kujibu.

Alifungua Kasuku, binti mwenye majibu mdomoni kama pipi.

"Karibu, kaka. Kabla hujaanza, mwenyewe unayaamini hayo unayohubiri?"

"We Kasuku, hilo hatukufundishana!" mwalimu alimaka.

"Kabanwa! Kabanwa huyo!" wenzake walishangilia.

Kumjibia mgeni yule wa kuigiza kulikuwa rahisi. Lakini swali lilimruka mgeni likamkuta mwalimu mwenyewe, ambaye tangu amzike mama yake alisali mbele za watu tu. Aliacha kuigiza, akaingia ndani.

Vicheko vilizimika kimoja kimoja.

"Mwalimu?"

"Nipisheni niketi," alisema. "Hili nitalijibu kama mimi."