Jiko Lililofagiliwa

"Hapa hamna moshi," mhadhiri alisema, akitazama kifaa chake cha kupimia. Kilisoma sifuri.

Moshi ungetoka wapi? Tangu alfajiri tulikuwa tumefagia jiko na kuzoa majivu, na makande ya mgeni tukayapika kwa jirani. Nani kwetu Lushoto humpokea mgeni kwa kumtoa machozi?

"Chuo kinatugharamia wahadhiri twende penye shida," akaeleza kwa upole. "Majiko ya dohani nitayapeleka kijiji kingine. Ninyi mko vizuri."

Shangazi Efrazia akanikanyaga mguu. "Nyamaza, usitutie aibu," akaninong'oneza kwa Kishambaa.

Nilitazama ukuta nyuma ya mafiga. Wote tulikuwa tumeupaka udongo mpya, isipokuwa pale mama alipozoea kuegemea akikohoa, hadi Januari alipotutoka. Masizi yalikuwa yamezunguka umbo la mgongo wake, na mkono wangu ulikataa kulifuta.

"Samahani, Mwalimu," nikasema. "Huwezi kuondoka bila chai. Keti hapo kwenye kigoda."

Nikawasha mabua mafigani, nikapachika kuni mbichi za mwati, kisha nikafunga mlango kama tunavyofunga siku zote za baridi.

Maji hayajapata hata uvuguvugu, mhadhiri alikuwa ameinama, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Jamani! Mnapikaje humu?"

Shangazi alinikodolea macho. Halafu kicheko kikamshinda, akashika kiuno.

"Vumilia, mwanangu," akamwambia. "Hiyo ni chai tu. Bado maharage."