Eda ndani ya Boti

Siku ya kumi na nne, mlinzi wa mfereji aligonga tena dirisha la boti. "Sheria ni wiki mbili mahali pamoja. Leo msogee."

"Wifi yangu yuko eda," Mwatumu alimjibu kwa ukali. "Haruhusiwi kutoka nyumbani."

"Sijasema atoke yeye. Nimesema nyumba itoke."

Ndani, Rukia alisikia yote. Tangi la maji lilikuwa limekauka tangu juzi na choo kilikuwa kimejaa. Usukani aliujua marehemu mumewe peke yake. "Usiniite nikiendesha," alizoea kumwambia. "Nikigeuka tu, tunagonga ukingo."

Rukia akajitanda ushungi, akapanda ngazi ya nyuma, penye usukani. Alisimama miguu ikiwa ndani, kichwa nje.

"Wifi, hapa nimetoka?"

Mwatumu aliitazama ile miguu kwa muda. "Hujatoka," alisema, akafungua kamba.

Injini ilikohoa, boti ikasogea. Mbele, kando ya maji, yalikuwa makaburi, na moja udongo wake bado mbichi. Likaja taratibu mpaka usawa wa bega lake, likapita. Rukia alikaza macho mbele, ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili.