Supu ya Vijidudu

Vimekufa tena. Chupa iliyopaswa kugeuka rangi ya waridi ilikuwa na ukungu mweupe kama maji ya mchele, na chini ya hadubini mtafiti aliona vipande vipande tu. Kila kijidudu kilikuwa kimepasuka.

Akasonya. Vijidudu hivyo alivitoa kwenye bwawa la chumvi ambamo hata samaki hathubutu. Chumvi ndiyo uhai wao. Ikipungua, maji huviingia, vikavimba, vikapasuka. Basi akaipima ile supu, kama walivyoyaita maji ya kukuzia vijidudu. Chumvi ilikuwa nusu ya inayotakiwa.

Nusu! Huo haukuwa uzembe, huo ulikuwa uadui. Halafu watu husema wasomi hawana husuda.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko zote. Ndani ya vijidudu hivyo alikuwa amesoma jeni ambayo, kwa alivyojua, hakuna aliyewahi kuiona. Profesa wake alimtaka aisome upya kutoka kwenye vijidudu vilivyo hai, ndipo jina lake liandikwe. Lakini bwawa lilishafukiwa, wanajenga maghala. Akiba iliyobaki ilikuwa kichupa kimoja kwenye barafu, na baada ya chupa za kwanza kufa, ndicho alichokimimina kwenye supu hii. Sasa hana mbele wala nyuma. Alitamani kulia, akaona hata machozi yangempa adui raha.

Adui alikuwa anamjua: yule jirani wa chumba cha pili, mwanamume wa tabasamu nyingi aliyeimezea mate nafasi yake tangu zamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Alivua glavu kwa hasira hadi moja ikachanika. Angekwenda kumshtaki kwa mkurugenzi sasa hivi, liwalo na liwe.

Mlangoni akakutana na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ya kupika supu za maabara. Mtu mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia afagie sakafu, atafagia na dari. Akammwagia yote: chumvi nusu, jirani, mashtaka. Kadiri alivyosema, ndivyo uso wa shemeji ulivyozidi kushuka.

"Shemeji, usimsingizie mtoto wa watu," alisema. "Chumvi niliipunguza mimi."

Mtafiti akamuuliza nani kamtuma.

"Profesa. Alipiga simu wiki jana, wewe umetoka. Akasema nikwambie upunguze. Nikaona nisikusumbue, nikapunguza mwenyewe."

"Alisemaje hasa?"

Shemeji akafikiri, asije akakosea hata neno moja.

"Alisema huo ugunduzi wako umeutia chumvi mno."